Mama fua na damu isiyo yake: Kinga inayoishia langoni

KABLA jua halijachomoza nyuma ya milima ya Nandi, vichochoro vya Nyalenda jijini Kisumu huwa vimekwisha kujaa watu. Miongoni mwao ni wanawake wanaovuka barabara ya Ring Road kuelekea kwenye majumba ya Milimani, wengine wakiendelea hadi mitaa ya Tom Mboya na Okore. Baadhi yao wameajiriwa kwa mwezi. Wengine hubisha lango hadi lango wakiuliza iwapo kuna nguo za kufua au sakafu ya kupigwa deki. Hawa ndio wanaojulikana kote nchini kama mama fua.

Akifika kazini, mama fua hukabidhiwa rundo la nguo, ndoo, tambara na sabuni. Jambo asilokabidhiwa ni habari. Haambiwi kwamba mzee wa nyumba ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini mara mbili kwa siku, wala kwamba sindano iliyotumika jana usiku iliviringishwa kwa karatasi na kutiwa ndani ya mfuko wa taka ulio jikoni. Anaukandamiza mfuko huo kwa kiganja ili apate kuufunga, na papo hapo anahisi kitu kimemchoma.

Mara nyingi hufuta damu kwa upindo wa leso yake na kuendelea na kazi. Hasemi neno. Anahofia kuonekana mzembe, au kuambiwa asirudi kesho. Kumbe saa zimekwisha kuanza kuhesabika, na uamuzi atakaoufanya kabla ya siku tatu kupita huenda ndio utakaoamua hali ya afya yake maishani.

Wodini na jikoni

Chukua mfano wa muuguzi aliyedungwa na sindano kama hiyo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi wa Kisumu wangali wanaiita Russia. Muuguzi huyo amefunzwa la kufanya. Wodini mna sanduku gumu la kutilia sindano zilizotumika, mna glavu, mna daftari la kuandikia ajali, na dawa ziko chini ya paa lilo hilo. Miongozo ya afya inataka awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kabla hajaanza kuwahudumia wagonjwa.

Damu ya mgonjwa haibadiliki kwa sababu ametoka hospitalini na kurudi nyumbani. Linalobadilika ni kinga ya anayeigusa. Yule anayeosha choo, kubadilisha shuka na kumwaga taka za mgonjwa huyo huyo nyumbani hana sanduku, hana mafunzo, na aghalabu hana hata glavu.

Tena, huduma nyingi zilizokuwa zikitolewa zahanati zimehamia majumbani. Wagonjwa wa kisukari hujidunga insulini na kujitoboa vidole ili kupima sukari. Wanawake wengine hujidunga wenyewe sindano za kupanga uzazi. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji hurudi nyumbani mapema wakiwa na vidonda vya kufungwa. Yote hayo huacha taka, na taka hizo huokotwa na mtu ambaye hakuwapo wakati muuguzi alipokuwa akitoa maelezo.

Magonjwa matatu, hatari tofauti

Maradhi yanayoambukizwa kupitia damu ni mengi, ila matatu ndiyo yanayowahangaisha zaidi wataalamu wa usalama kazini: homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na virusi vya Ukimwi.

Wengi wakidungwa na sindano huwaza Ukimwi kwanza. Hofu hiyo ina sababu zake katika eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 17.5 ya watu wazima katika Kaunti ya Kisumu walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 4.9. Hata hivyo, uwezekano wa kuambukizwa kwa kudungwa mara moja na sindano yenye damu ya mtu aliye na virusi vya Ukimwi ni mdogo: takriban watu 3 kati ya 1,000. Iwapo mwenye damu hiyo anatumia dawa kila siku na virusi vimepungua mwilini mwake hadi visionekane katika kipimo, hatari hupungua zaidi. Aidha, virusi hivi hudhoofika haraka vikiwa nje ya mwili.

Homa ya ini aina ya C ina hatari ya chini ya watu 2 kati ya 100 wanaodungwa. Haina chanjo, lakini siku hizi hutibiwa ikapona kwa vidonge vinavyomezwa kwa wiki 8 hadi 12.

Ugonjwa unaostahili kuogopwa zaidi na msafishaji ni ule usiotajwa sana. Kati ya watu 100 wasio na kinga wanaodungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, kati ya 6 na 30 huambukizwa. Virusi vyake huweza kuishi siku saba au zaidi katika tone la damu lililokauka juu ya meza, sinki, wembe au taulo. Kwa mtu mzima, mara nyingi mwili huvishinda. Lakini kwa baadhi ya watu virusi hubaki kwenye ini miaka na miaka bila kutoa dalili, kisha huleta kovu la ini au saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huo wa kudumu, wengi wao pasi na kujua.

Kwa upande mwingine, hofu isiyo na msingi nayo ni madhara. Maradhi haya hayaambukizwi kwa kufua nguo za mgonjwa zisizo na damu, kuosha vyombo alivyolia, kumpa mkono wala kutumia choo kimoja naye. Virusi huhitaji njia ya kuingia: ngozi iliyotobolewa, kidonda, mchubuko, jicho au mdomo.

Mkono wenyewe ndio mlango

Njia hiyo ya kuingia ndiyo inayomfanya mama fua kuwa katika hali ya hatari kuliko mtu mwingine wa nyumbani. Mikono yake hushinda ndani ya karai la maji ya sabuni. Dawa za kufulia na jiki huondoa mafuta ya ngozi, vidole hupasuka nyufa, na pembezoni mwa kucha huchunika. Daktari akiitazama mikono hiyo ataona vidonda vidogo vidogo ambavyo mwenyewe amevizoea hata haviiti vidonda.

Zaidi ya sindano, vyanzo vya hatari nyumbani ni vya kawaida sana: wembe uliosahaulika kwenye ukingo wa bafu, kisindano cha kutoboa kidole kilichoanguka chini ya kitanda, kioo kilichovunjika na kumkata mtu, sodo zilizotumika, bendeji, shuka za mgonjwa au za mama aliyejifungua, na mswaki uliopakwa damu ya ufizi ambao hugeuzwa kuwa brashi ya kusugulia sinki.

Nguo nazo zina mitego. Mtu hutia wembe au sindano mfukoni mwa suruali, akasahau, na anayeugundua ni yule anayeisugua suruali hiyo ndani ya maji yenye povu, asikoweza kuona kitu.

Chanjo iliyowapita kando

Kati ya magonjwa hayo matatu, homa ya ini aina ya B ndiyo yenye chanjo ya kuaminika. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwishoni mwa mwaka 2001, chanjo hiyo ikiwa sehemu ya sindano moja inayokinga magonjwa matano. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Maana ya tarehe hiyo ni nzito kwa wafanyakazi wa majumbani. Mwanamke aliyezaliwa Kenya kabla ya wakati huo hakuipata utotoni. Hivyo basi, katika nyumba nyingi mtoto anayebebwa mgongoni amekingwa, na yaya anayembeba hajakingwa.

Mtu mzima huchanjwa mara tatu: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Inafaa apimwe kwanza, kwani aliyekwisha kuambukizwa hahitaji chanjo bali uangalizi wa daktari. Akikamilisha dozi zote na mwili wake ukaitikia, kinga hudumu miaka mingi.

Mfano wa Marekani unaonyesha manufaa yake. Mwaka 1983 ilikadiriwa kuwa wafanyakazi wa afya wapatao 17,000 waliambukizwa homa ya ini aina ya B nchini humo. Kufikia mwaka 1995 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban 400. Chanjo, pamoja na uangalifu katika kushika damu, ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo, na mwezi Desemba 1991 serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni zinazomlazimu mwajiri kuwapa chanjo bila malipo wafanyakazi wanaoweza kukutana na damu kazini, wakiwamo wasafishaji wa hospitali.

Lakini hata huko, kinga iliishia langoni. Kanuni za usalama kazini za Marekani haziwabani watu binafsi walioajiri wasafishaji katika nyumba wanamoishi.

Kwa watu wazima nchini Kenya chanjo hii kwa kawaida hulipiwa, na mtu anayelipwa kwa siku hawezi kuipa kipaumbele mbele ya unga na kodi ya nyumba. Mwajiri aliye na mfanyakazi wa kudumu, hususan katika nyumba yenye mgonjwa, ndiye anayeweza kuubeba mzigo huo. Gharama ya sindano tatu haiwezi kulinganishwa na gharama ya kutibu saratani ya ini.

Kazi ya mwenye nyumba

Wataalamu wa kuzuia maambukizi huongozwa na kanuni moja: kila damu ichukuliwe kana kwamba ina maradhi. Ubora wa kanuni hii ni kwamba haimlazimu mtu yeyote kutangaza ugonjwa wake. Mwenye nyumba ana haki ya siri yake. Asichokuwa na haki nacho ni kuacha sindano mahali mtu mwingine atakapoigusa.

Kwa sababu hiyo, jukumu la kwanza ni la yule anayeitumia sindano. Baada ya kujidunga, asirudishe kifuniko chake wala asiipinde kwa mkono. Aitie papo hapo ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, mathalani chupa tupu ya jiki au ya sabuni ya maji, iliyoandikwa wazi kuwa ina sindano na kuwekwa mbali na watoto. Chupa za maji ya kunywa hazifai kwa kuwa plastiki yake ni nyembamba. Chupa ikijaa robo tatu, ifungwe kwa utepe na kupelekwa katika kliniki ambako mgonjwa huchukua dawa zake, ili iteketezwe pamoja na taka za hospitali. Nyembe na visindano vya kupimia sukari vitiwe humo humo.

Pili, mwenye nguo ndiye akague mifuko kabla ya kuitia nguo kwenye kapu. Tatu, anunue glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, na azibadilishe zikitoboka. Glavu haiwezi kuizuia sindano isipenye, lakini hupangusa sehemu ya damu iliyo nje ya sindano na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Faida yake kubwa ni kuitenga mikono iliyopasuka na damu iliyomwagika.

Nne, sodo, bendeji na nepi ziviringishwe na kufungwa ndani ya mfuko wake kabla ya kuingia kwenye pipa la taka. Hili ni suala la adabu kama lilivyo suala la afya.

Kazi ya msafishaji

Msafishaji naye ana kanuni zake. Mfuko wa taka ushikwe shingoni na kubebwa mbali na mguu. Usikandamizwe kwa mkono wala kwa goti, na mkono usizamishwe ndani yake kutafuta kitu. Vivyo hivyo, mkono usisukumwe kati ya mito ya kochi au chini ya godoro mahali jicho lisipofika. Kitanda kifunuliwe na kutazamwa kwanza, na shuka zikunjwe kwa ndani badala ya kukung'utwa.

Vioo vilivyovunjika vizolewe kwa ufagio na kizoleo. Sindano ikionekana sakafuni, iokotwe kwa koleo la jikoni lisilotumika tena kwa chakula, ncha ikielekezwa mbali na mwili, na chupa ipelekwe ilipo sindano ili asitembee nayo nyumba nzima.

Kidonda chochote mkononi kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuvaa glavu. Kazi ikiisha, mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, na kupakwa mafuta ya kujipaka. Mafuta hayo si urembo. Ngozi laini isiyo na nyufa ni kinga ya kwanza aliyojaliwa binadamu.

Damu ikimwagika

Damu iliyomwagika sakafuni haipaswi kupigwa deki moja kwa moja, maana deki huieneza. Kwanza msafishaji avae glavu, kisha aifunike damu kwa karatasi za shashi au kitambaa kikuukuu kinachoweza kutupwa. Juu yake amimine jiki iliyochanganywa na maji: kikombe kimoja cha jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji. Asubiri dakika kumi. Baada ya hapo aondoe kitambaa, akitie katika mfuko unaofungwa, na aoshe mahali hapo kwa sabuni kama kawaida.

Mchanganyiko huo utengenezwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa jiki iliyochanganywa hupoteza nguvu. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa kali za kuoshea choo zenye asidi au na dawa zenye amonia, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumzimisha mtu ndani ya bafu lililofungwa.

Nguo zenye damu zilowekwe kwanza katika maji baridi, mikono ikiwa ndani ya glavu, kisha zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, zianikwe juani hadi zikauke.

Saa 72

Pamoja na tahadhari zote hizo, ajali hutokea. Anayedungwa au kukatwa anafaa kuacha kazi mara moja na kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asilikamue, asilinyonye, wala asilimiminie jiki au spiriti, kwa maana dawa hizo huiumiza nyama na kuupanua mlango wa virusi. Damu ikirukia jicho, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa.

Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Aseme waziwazi kilichotokea na aombe kuonana na anayetoa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya ajali, zinazojulikana kwa ufupi kama PEP. Jijini Kisumu, hospitali ya Russia na Hospitali ya Kaunti ya Kisumu ni miongoni mwa mahali pa kuanzia.

Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa mapema iwezekanavyo, hasa katika saa chache za mwanzo, na haziwezi kutegemewa zikianzwa baada ya saa 72. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Kabla ya kuanza, mhusika hupimwa kujua hali yake, na hupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Mwenye sindano, akijulikana, anaweza kuombwa akubali kupimwa ili daktari ajue kama dawa zinahitajika. Halazimishwi.

Jambo ambalo husahaulika katika pilkapilka hizo ni homa ya ini. Asiyechanjwa aombe sindano ya kwanza ya chanjo siku hiyo hiyo, kwani ikitolewa ndani ya saa 24 huweza kuwahi virusi kabla havijajikita. Baada ya hapo akamilishe dozi mbili zilizobaki.

Mficha maradhi

Kikwazo kikubwa kwa yote haya hakipo katika duka la dawa. Kipo katika uhusiano wa aliyeajiri na aliyeajiriwa. Mama fua aliyedungwa saa nne asubuhi huona njia mbili mbele yake: aseme na ahatarishe kibarua, au anyamaze na ahatarishe afya. Mchana hupita, usiku huingia, na kesho kuna lango lingine la kubisha. Anapopata ujasiri wa kwenda zahanati wiki inayofuata, dawa za siku 28 haziwezi tena kumsaidia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Maneno yanayohitajika si mengi. "Mama, nimedungwa na sindano iliyokuwa kwenye taka. Naomba ruhusa niende hospitali sasa hivi." Mwajiri mwenye busara hatajibu kwa kuuliza kwa nini hakuangalia. Atatafuta bodaboda, atampa nauli, na atamwambia ukweli kuhusu sindano hiyo ilikuwa ya nani na ilitumika lini, habari ambayo itamsaidia daktari kuliko nyingine yoyote.

Ni vyema mazungumzo haya yafanyike siku ya kwanza ya kazi, kabla ya ajali, wakati mwenye nyumba anapomwonyesha mfanyakazi mahali pa ndoo na sabuni. Kumwonyesha pia chupa ya sindano ilipo hakuchukui zaidi ya dakika moja.

Sheria yasemaje

Kwenye karatasi, mfanyakazi wa nyumbani nchini Kenya hajaachwa uchi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema inahusu mahali pote ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Jikoni na bafuni ni mahali pa kazi kwa anayelipwa kupasafisha. Sheria hiyo inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kulinda usalama na afya ya wote wanaofanya kazi hapo.

Mwaka uo huo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaojeruhiwa kazini, ambayo humtaka mwajiri kugharimia matibabu ya mwajiriwa aliyepata ajali akiwa kazini. Mwaka 2012, Mahakama ya Viwanda mjini Mombasa ilitoa uamuzi uliothibitisha kwamba mtumishi wa nyumbani anastahili kulindwa na sheria za ajira sawa na wafanyakazi wengine.

Vilevile, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ili apewe kazi, na Sheria ya Ajira ya 2007 inaharamisha ubaguzi kwa misingi ya hali ya mtu kuhusu virusi hivyo. Hivyo basi, mwajiri anayemfukuza mfanyakazi kwa kuwa ameonekana akimeza dawa za PEP anavunja sheria.

Utekelezaji ndio wenye kasoro. Ukaguzi wa usalama umezoeleka viwandani na kwenye maeneo ya ujenzi, ambako afisa hupita langoni na kuomba kuona vitabu. Si rahisi afisa huyo kubisha hodi nyumbani kwa mtu kukagua pipa la taka. Na kwa mama fua anayefanya kazi nyumba hii leo na ile kesho, bila mkataba wala risiti, kuthibitisha tu kwamba aliajiriwa ni kibarua kingine. Sheria ya Ajira humpa nafuu yule anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, kwani anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Anayebadilisha nyumba kila siku hubaki nje.

Chama cha KUDHEIHA, ambacho huwatetea wafanyakazi wa majumbani pamoja na wale wa mahotelini na hospitalini, ni mojawapo ya mahali anapoweza kupeleka malalamiko. Kwingine ni afisi ya leba. Inamfaa kuandika tarehe, saa, nyumba na aina ya ajali siku ile ile, na kuhifadhi kadi ya hospitali. Bila karatasi hizo, dai lolote huwa neno lake dhidi ya neno la mwajiri.

Kimataifa, Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema kila mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mazingira salama ya kazi. Mnamo Juni 2025 shirika hilo lilipitisha mkataba mwingine, nambari 192, unaohusu hatari za viini vya magonjwa kazini. Mikataba hiyo hutoa mwelekeo kwa serikali, ingawa safari ya kutoka ukumbi wa Geneva hadi bafu la Milimani ni ndefu.

Chupa moja tupu

Wakati safari hiyo ikiendelea, kinga nyingi iko mikononi mwa watu wawili walio ndani ya nyumba moja. Inahitaji chupa tupu ya jiki kwa ajili ya sindano, jozi ya glavu nene, sindano tatu za chanjo, na ruhusa ya kwenda hospitali bila kuulizwa maswali. Vitatu vya kwanza hununuliwa au huokotwa jikoni. Hicho cha nne hakiuzwi dukani, nacho ndicho ambacho waajiri wengi hawajakitoa.

Jioni, wanawake huvuka tena Ring Road kurejea Nyalenda, wengine wakipitia sokoni kununua mboga na omena kwa ujira wa siku. Nyumbani wanasubiriwa na watoto ambao, kwa kuwa walizaliwa baada ya mwaka 2001, wamekingwa dhidi ya homa ya ini aina ya B. Mama zao bado wanahitaji kinga hiyo.